Kamba Kati ya Nyumba na Zizi

Masomo: Mithali 31:10-31, Matendo 28:1-3



Jumapili mbili zilizopita watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wakisoma Mithali sura ya 31, ile sura ambayo akina mama wanaipenda na akina baba wanaikumbuka siku za harusi tu. Walipofika mstari wa 21, binti mmoja wa miaka kama tisa akainua mkono. "Mwalimu, theluji ni nini? Na kwa nini huyu mama haiogopi?" Mwalimu alijibu swali la kwanza kadiri alivyoweza, akasema ni barafu iangukayo kutoka mawinguni kama unga wa muhogo ukichekechwa. Watoto wakacheka sana. Swali la pili akaniletea mimi baada ya ibada, nami nikamwambia nitalijibu katika jarida letu. Nilidhani ni jambo la dakika tano. Kumbe limenikosesha usingizi, na sababu yake nitaieleza hapa chini, ingawa kuieleza ni aibu kwangu.

Kwanza theluji yenyewe. Kwa mtu wa Juba neno hili ni geni. Sisi tunajua joto. Machi 2024, na tena Februari 2025, serikali ilifunga shule za nchi hii kwa muda kwa ajili ya joto kali, na mara hii ya pili wanafunzi walikuwa wakizimia hapa Juba. Barafu tunaiona sokoni tu, mapande yaliyofunikwa kwa magunia ili yasiyeyuke. Neno theluji tumelipokea kutoka Kiarabu, na waongeao Kiarabu miongoni mwetu hulitumia hata kwa barafu hiyo ya sokoni.

Lakini msifikiri theluji ni ya Wazungu peke yao. Mimi nimezaliwa upande wa Mutwanga, chini ya mlima Rwenzori, Kongo. Asubuhi isiyo na mawingu tulikuwa tukitoka nje na majembe begani, tunainua macho, tunaona weupe juu kabisa. Wazee wetu Wanande waliuita nzururu, na ndugu zao Wakonzo walio ng'ambo ya mpaka, Uganda, waliiita nchi yao Rwenzururu kwa ajili ya huo. Mlima ule uko karibu kabisa na ikweta, kilele chake kinafika mita 5,109, na siku hizi weupe umepungua sana. Tulikuwa tunapalilia kahawa huku jasho linatutiririka, na theluji iko juu ya vichwa vyetu. Kwetu sisi watoto ilikuwa pambo la mlima. Hakuna aliyetuambia kwamba inaua. Theluji ukiitazama kwa mbali ni kitu kizuri mno, na neno hili naomba mlishike, nitalirudia.

Watu walioiandika Biblia waliijua. Waliiona juu ya Lebanoni na Hermoni, na miaka mingine iliwashukia hata kwao milimani. Zaburi ya 147 inaifananisha na sufu. Benaya, shujaa wa Daudi, alishuka shimoni akaua simba siku ya theluji (2 Sam. 23:20). Vijana, najua mstari huo mnaupenda. Lakini mimi leo simtaki Benaya, namtaka yule mama.

Tuisome sura kwa utaratibu wake. Kabla theluji haijatajwa, mstari wa 13 unamwonyesha mama huyu akitafuta sufu na kitani. Mstari wa 15 ameamka na bado ni usiku. Mstari wa 19 anasokota uzi. Ndipo katika mstari wa 21 theluji inapokuja, na inawakuta watu wake wote wamekwisha kuvaa. Basi, binti yetu, jibu la swali lako ndilo hili: hakuwa na moyo wa simba. Labda alikuwa mwoga kama mimi na wewe. Ila nguo zilikuwa zimeshonwa tayari. Kondoo hanyolewi siku ya dhoruba.

Na kuna jambo jingine ambalo sikuwahi kuliona mpaka swali hili liliponilazimisha kusoma polepole. Mstari wa 20, ule ulio kabla tu ya theluji, unasema habari za mkono wake kuwaelekea maskini na wahitaji. Mwandishi amewaweka maskini mlangoni kabla ya kuwaweka watoto wake ndani ya nguo nzito. Sijui kama alikusudia hivyo. Mimi nimelipokea kama nilivyolikuta.

Nasema haya kwa sababu nimesikia humu makazini mahubiri ya namna nyingine. Kuna anayefundisha kwamba mtu wa imani hachimbi mtaro kuzunguka nyumba yake, kwa kuwa Bwana atakemea mvua. Sikubaliani naye hata kidogo, na nimemwambia hivyo uso kwa uso kabla ya kuliandika hapa. Mama wa Mithali 31 alimcha Bwana, mstari wa 30 unasema hivyo wazi, na vidole vyake vilikuwa na sugu.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Nina mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Tulipokimbia vita tulitawanyika. Mimi nikaishia huku, yeye akaingia kambi moja Uganda, na baada ya miaka mingi ya kungoja akapata kuhamishiwa Marekani na mkewe na watoto. Anaishi katika mji mdogo wa jimbo la Nebraska, katikati ya mashamba ya mahindi na ng'ombe, anafanya kazi ya kukata nyama kiwandani. Sehemu zile zina watu wetu wengi. Wengi wenu mlikulia Kakuma, mnakumbuka jinsi vijana wa Sudan karibu 3,800 walivyosafirishwa kwenda Marekani kati ya 2000 na 2001, wengine wakatelemshwa katika miji kama Fargo na Sioux Falls wakati wa baridi, watu waliotoka vumbi la Turkana. Na Omaha, mji mkubwa wa Nebraska, una jamii kubwa ya Wasudan Kusini. Humu makazini ni nyumba chache zisizo na ndugu katika nchi ya theluji, iwe Marekani, Kanada au Norwe.

Mdogo wangu alikuwa akinitumia kitu kidogo kila mwisho wa mwezi. Januari moja hakutuma. Mtoto wangu alikuwa na malaria, ada ya shule ilikuwa inadaiwa, nikampigia, simu haikupokewa. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nikamtumia ujumbe wa sauti. Sitaandika yote niliyosema. Nilimwambia ameshiba nchi za watu akalisahau tumbo lililomzaa, na kwamba mama angekuwa hai angemkana. Mimi, ninayesimama madhabahuni kila Jumapili.

Siku mbili zikapita, akajibu. Hakunitukana. Alisema, "Yaya," ndivyo sisi wa Kivu tunavyomwita aliyetutangulia kuzaliwa, "Yaya, umeme ulikatika. Ujumbe wako ndio sauti ya kwanza niliyoisikia simu ilipopata moto."

Ndipo akanieleza. Theluji ilianza jioni, na upepo mkali pamoja nayo, hata ikawa haianguki tena bali inakwenda ubavu kama mchanga wa jangwani. Baridi ilikuwa nyuzi 25 chini ya sifuri. Barabara zikafungwa, kiwanda kikafungwa, na siku ambazo hakufanya kazi hakulipwa. Gari likazikwa lisionekane ila paa. Umeme ulipokatika nyumba ikapoa kwa saa chache. Wakawakusanya watoto watatu chumba kimoja, wakaziba mlango kwa magodoro, wakalala wote chini ya nguo zote walizo nazo, mpaka kitenge cha harusi cha mkewe. Usiku wa kwanza mtoto wa kati aliuliza kama huku ndiko kule walikoambiwa kuna amani.

Asubuhi ya pili aliyewafikia ni mzee jirani, mkulima mzungu, aliyekuja na trekta akiwa na kuni na mafuta ya taa. Akamkuta shemeji yangu anataka kuwasha mkaa ndani, kama tulivyozoea kwetu. Mzee yule akautoa nje kwa mikono yake, na akakaa nao mpaka mchana. Alimsimulia mdogo wangu kwamba babu zake, kila mwaka kabla ya majira ya baridi, walifunga kamba kutoka mlango wa jikoni mpaka mlango wa zizi. Ng'ombe lazima walishwe hata siku ya dhoruba. Na katika theluji ya namna ile mtu hauoni hata mkono wake mwenyewe. Basi baba wa nyumba alikuwa akienda zizini ameishika kamba, na akirudi ameishika kamba. Asiyekuwa na kamba alizunguka nje ya nyumba yake mwenyewe mpaka akaanguka.

Mzee yule hakuwa anatunga. Januari 12, 1888, katika nchi zile zile za Nebraska na Dakota, asubuhi ilipambazuka yenye joto kidogo baada ya siku nyingi za baridi. Watu walifurahi. Wanaume wakaenda malishoni bila makoti, watoto wakaenda shule wamevaa nguo nyepesi. Kabla siku haijaisha dhoruba ikawashukia ghafula, theluji laini kama unga, na baridi ikashuka kwa kasi. Inakadiriwa watu 235 walikufa, wengi wao watoto waliokuwa wakirudi kutoka shule. Wengine waliokotwa hatua chache tu toka milango ya watu.

Miongoni mwao walikuwamo watoto wa wakimbizi wenzetu, nami nimewaza sana juu yao. Mwaka 1874 Wakristo wa jamii ya Wamenoni walihama kutoka Urusi kwa sababu serikali ilitaka vijana wao washike bunduki, na imani yao inakataza. Waliacha mashamba, wakavuka bahari, wakajenga nyumba Dakota. Walikimbia jeshi la mfalme. Miaka kumi na minne baadaye, siku ile ya Januari, wavulana watano wa jamii hiyo walitoka shuleni pamoja wakapotea katika theluji. Watatu walikuwa ndugu wa tumbo moja. Walipatikana siku ya tatu, Jumapili, wamelala karibu na nyumba ya mtu.

Nikisoma habari hiyo nawaona baba zao. Walikuwa wamefanya kila kitu sawasawa. Walichagua imani kuliko silaha, walihama kwa ajili ya watoto wale wale. Wapendwa, kuna watu humu wanaosema kila msiba una dhambi nyuma yake. Mwaka jana mtoto alisombwa na maji ya mvua hapa bondeni, na kabla ya maziko watu walikwisha anza kunong'ona juu ya mama yake, ametoka wapi, ameolewa mara ngapi. Nawaomba mkasome Luka 13, mistari mitano ya kwanza. Mnara wa Siloamu uliwaangukia watu kumi na wanane, na Bwana Yesu anawauliza watu waliokuwapo kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wakaaji wote wa Yerusalemu. Jibu analitoa mwenyewe, ni hapana. Akamwita kila msikilizaji aitazame toba yake mwenyewe. Mama yule yuko hai na anasoma jarida hili. Dada, kanisa lilikukosea, na mimi nilikuwa nimenyamaza.

Siku ile ile ya 1888 alikuwapo pia mwalimu kijana wa Nebraska aitwaye Minnie Freeman. Upepo uling'oa paa la shule yake iliyojengwa kwa udongo. Akawatoa wanafunzi wake wote, akawaongoza katika upepo mpaka nyumba ya mkulima, na wote wakapona. Watu wamesimulia miaka mingi kwamba aliwafunga kwa kamba moja. Iwe ilikuwa kamba au mikono tu, hakumwacha hata mmoja nyuma.

Narudi kwa mdogo wangu. Kosa langu halikuwa kuomba fedha. Kuomba si dhambi. Mtume Paulo, akiwa gerezani Rumi, alimwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na amhimize aje kabla ya majira ya baridi (2 Tim. 4:13, 21). Mtume mkubwa kama yule anaomba koti! Barua yenyewe imejaa mambo mazito ya kumaliza mwendo na taji ya haki, na katikati yake kuna mzee anayesikia baridi. Ninafarijika kila nikiisoma. Kosa langu lilikuwa kwamba nilikuwa nimeitazama theluji kwa mbali, kama nilivyokuwa nikiitazama Rwenzori na jembe begani, nikaona weupe tu. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Miaka saba ndugu yangu alikuwa amekaa ndani ya majira yale, na mimi sikuwahi kumuuliza hata mara moja: huko baridi ikoje? Watoto wanavaa nini? Nilikuwa nauliza habari ya mwisho wa mwezi.

Na wao walio huko wana sehemu yao. Mdogo wangu alikuwa amenificha kila kitu. Picha alizotuma zilikuwa za gari na za watoto wakirusha theluji wakicheka. Aliona haya kusema kwamba anaamka saa kumi za usiku kusukuma theluji kwa beleshi ndipo gari litoke, na kwamba mikono yake imekufa ganzi kwa kisu cha kiwandani. Kamba ina ncha mbili. Kama upande mmoja haujafungwa, mwingine hata ukifungwa kwa mafundo saba haufai kitu.

Ndugu zangu, sisi hatuna theluji, lakini tunayo majira yetu. Bwana Yesu alipowaambia wanafunzi habari za kukimbia, aliwaambia waombe kukimbia kwao kusitokee wakati wa baridi (Mt. 24:20). Nani hapa haelewi neno hilo? Waliokimbia mapigano ya Juba Julai 2016, katikati ya mvua, wanaelewa. Waliotoka Sudan tangu Aprili 2023 na watoto mgongoni wanaelewa. Alijua kwamba mkimbizi anakimbia na hali ya hewa pia, na akaona ni jambo la kuombewa.

Mvua zimeanza, na zitaendelea mpaka Oktoba au Novemba. Mnajua usiku wa mvua kubwa ulivyo katika tukuli: maji yanapita chini ya mlango, turubai linapiga kelele, watu saba wameinuliwa juu ya kitanda kimoja. Nimeona nyumba ambamo usiku kama huo unaleta vita. Baba anamlaumu mama kwa nini kuni zimelowa, mama anamlaumu baba kwa nini hakufunga turubai, watoto wanasikia yote kwa kuwa hakuna pa kwenda. Na nimeona nyumba nyingine, ya mjane mwenye wajukuu wanne, ambaye usiku wa mvua ndio usiku wa hadithi. Anawaambia juu ya kijiji chao, nani alipakana na nani, mto unaitwaje. Wajukuu wale hawajawahi kukiona kijiji hicho, lakini ukiwauliza watakuonyesha njia.

Neno moja la lazima, nalo si la kiroho tu. Usiingize jiko la mkaa ndani ukalala mlango umefungwa, hata kama mvua inanyesha na mtoto anatetemeka. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, kichefuchefu, kisha usingizi, na wengine hawaamki. Huko kwenye theluji inaua hivyo hivyo, hata ndani ya gari lililowashwa huku bomba la moshi limezibwa na theluji. Pikia nje au barazani, zima jiko, ndipo uingie. Ukimkuta mtu amelegea katika nyumba yenye jiko, fungua mlango, mtoe nje haraka kwenye hewa safi, kisha mpeleke zahanati. Mama mkristo anayezima mkaa wake saa mbili za usiku anafanya kazi ile ile ya yule aliyesokota sufu.

Somo letu la pili ni Matendo 28. Merikebu imevunjika, watu 276 wametupwa Malta, wamelowa. Luka anaandika kwamba wenyeji waliwawashia moto kwa ajili ya mvua na baridi. Wenyeji wale hawakuuliza kabila wala karatasi, na wengi wa wageni wao walikuwa askari na wafungwa. Nawashukuru wenyeji wa hapa waliofanya hivyo kwetu. Si wote, lakini wako. Ila mtazameni Paulo. Yeye ni mfungwa, amelowa, ni mgeni, na ndiye anayeokota kuni. Nyoka alitoka humo humo kwenye kuni zake, na hata hivyo zilitiwa motoni. Miaka ya kupanga mstari wa mgao imetufundisha kukaa na kungoja moto uwashwe. Siwalaumu. Mgao umepunguzwa, na mwenye njaa hachimbi sana. Lakini fungu la kuni hata mkimbizi anaweza kuliokota.

Nilimpigia mdogo wangu tena. Ilinichukua siku mbili kupata ujasiri, maana yeye ni mdogo na mimi ni mkubwa, na kwetu mkubwa hamwombi mdogo msamaha kwa urahisi. Nikamwomba. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama mtoto amepona malaria. Nikamwambia amepona. Nikamuuliza habari ya baridi. Tukaongea mpaka salio likaisha, na hatukutaja fedha. Tangu hapo huwa ananipigia mwezi wa nne kuuliza kama mvua zimefika na kama mitaro iko wazi. Nami mwezi wa kumi na moja ninampigia mimi, kumuuliza kama ameshanunua kuni na betri za tochi, na namba ya yule mzee mwenye trekta ameiweka wapi.

Jumamosi hii saa moja asubuhi tutachimba mitaro upande wa bondeni, tukianza na nyumba za wajane na wagonjwa, kisha tutafunga upya maturubai yaliyolegea. Mwenye beleshi alete beleshi, mwenye jembe alete jembe. Kamba tulizo nazo hazitoshi, kwa hiyo mwenye kamba ya ziada aiache kwa mzee wa kanisa kabla ya Ijumaa jioni. Akina mama wameahidi chai. Mvua ikinyesha asubuhi hiyo tutasubiri ipungue, halafu tutaanza.